Kaburi la Mgomba

Majengo, Songea
12 Mei 2024

Mdogo wangu Tadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na hao nyuki wako wa monasteri hawajakung'ata jicho tena. Mimi ni mzima wa mwili. Duka linakwenda, ila saruji imepanda bei na wateja wananitukana mimi kana kwamba kiwanda ni changu. Hayo ndiyo mazuri. Mabaya yanaanza hapa, kwa hiyo kama umesimama, kaa.

Ningekupigia simu, lakini simu yako unaiwasha siku unayotaka wewe, na jambo hili sitaki ulisikie nusunusu kwa mtandao wa kukatika. Nampa barua Leo, dereva wenu, amekuja kuchukua misumari.

Unajua barabara ya mtaa kule Matogoro inapanuliwa. Mwenyekiti Muhsini alinipigia kwamba kaburi la baba limeingia ndani ya alama, tulisogeze. Nikasema hewala, si kazi kubwa, kaburi lenyewe ni la mgomba. Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau. Wakati wa vita vya Kagera, mwanzoni mwa mwaka sabini na tisa, mwenzake baba wa vitani alirudi na habari kwamba amemwona akianguka kule Masaka. Mwili haukuja. Bibi Epifania akafanya kama desturi ya kwetu: akakata mgomba, akauvika shuka nyeupe, ukalazwa kaburini mahali pa mwanawe. Tukalia, tukanyolewa. Miaka yote hii tunapalilia mgomba na kuuwashia mishumaa kila Novemba.

Alhamisi wamechimba. Mgomba wa siku nyingi namna hiyo hauachi kitu, tulitegemea kuhamisha udongo tu na msalaba. Fundi akapiga jembe, akasimama. Ni mifupa, Tadei. Mifupa ya mtu mzima, kalazwa vizuri, mikono kifuani. Na mkononi ile bangili ya shaba ya kusokotwa aliyovalishwa na Bibi siku lori la mgambo linaondoka. Imegeuka kijani, lakini fundo la Bibi nalijua, hata mimi alinivalisha yangu.

Baba hakufia vitani. Baba alirudi nyumbani, na kuna mtu wa nyumbani aliyemzika kimya, bila padri na bila sisi wanawe.

Mtu huyo namjua. Baba mdogo Romanus alikuwepo pale na fimbo yake. Jembe lilipogonga, kabla hata mfupa haujaonekana, alikaa chini kwenye udongo. Bangili ilipotoka akasema mbele ya watu wote, "Kaka, nisamehe." Nikamshika kola ya shati. Nikamuuliza, ulimfanya nini baba yangu? Akaniangalia tu kama mbuzi, na mpaka naandika hajafungua mdomo.

Sasa unganisha mwenyewe. Mama alikufa akikuzaa wewe. Baba naye akiondoka, nyumba ya nani? Shamba la nani? Nakumbuka Mei ile vizuri sana, kwa sababu ndio msimu Bibi alinikabidhi kiberiti. Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kuwasha moto wa bani, kile kijumba chetu cha kukaushia tumbaku, kila alasiri ili majani yakauke kwa moshi. Tulikuwa tunawasha kwa lile tundu la nje, nyuma ya ukuta, na nilivyokuwa naringa, hata kula niliacha. Jioni moja Baba mdogo akarudi kutoka Namtumbo na mzee Baltazar wa ukoo wetu. Nikamkimbilia na majivu usoni, namwambia, "Baba mdogo, nimewasha mwenyewe!" Akanipokonya kiberiti, akanisukuma nikaanguka. Kesho yake akalibomoa bani na tumbaku ikiwa ndani, akasema tumbaku basi, tutalima mahindi. Muhula uliofuata nikapelekwa bweni kwa masista. Tangu siku hiyo mtu yule hajawahi kuniangalia machoni. Nilidhani ananichukia. Kumbe aliogopa, maana macho haya ni ya baba.

Aliniondoa nyumbani ili nisione. Nimeona sasa. Nitamlipa, Tadei, tena nitamlipa akiwa hai na akili zake zikiwa timamu. Wewe ombea unayetaka kumwombea.

Dada yako,
Beata


Hanga
20 Mei 2024

Dada yangu Beata,

Milele amina, na shikamoo. Barua yako niliifungulia mizingani nikasahau kuvaa wavu, kwa hiyo jicho la pili nalo limepata haki yake. Sisi hapa wazima, mahindi tumevuna vizuri. Naona aibu kukuandikia habari za mahindi, lakini mkono unatafuta pa kuanzia.

Baba amelala pale miaka yote hii. Nimekaa kanisani leo nikijaribu kumkumbuka, nimepata tu harufu ya koti. Wewe ulimjua, mimi sikumjua, ndiyo maana labda hasira yako ina mahali pa kukaa na yangu haina.

Lakini Dada, mimi ninayemjua ni Baba mdogo. Ndiye aliyenibeba mabegani kwenda shule mto ulipojaa. Ndiye aliyeshona kaptula zangu kwa mkono wake, vibaya, mpaka wenzangu wakaniita Kiraka. Hakuoa, unajua. Tulikuwa tukimtania kwamba hakuna mwanamke wa kuvumilia ugali wake. Mtu aliyeua ili apate nyumba, mbona nyumba yenyewe hakuijaza?

Sisemi hana kosa. Alisema nisamehe, kwa hiyo liko jambo. Nakuomba moja tu: usifanye kitu mpaka nije. Nimemwomba Abate ruhusa, nitapata mwezi ujao. Nikae naye, nimuulize taratibu. Mtu aliyenyamaza muda mrefu hivi hafunguliwi kwa kushikwa kola.

Kula vizuri, na usimeze zile dawa za presha bila chakula.

Mdogo wako,
Tadei


Majengo
9 Juni 2024

Bruda Tadei,

Salamu nyingi. Afya yangu nzuri, dawa nameza, presha yangu ni Romanus.

Sikukusubiri. Usinune. Nilikwenda polisi kwanza, wakanisikiliza kwa heshima, wakaniambia kwa karatasi za serikali baba alikufa vitani na mifupa haisemi. Sawa. Nikarudi nyumbani, nikachinja mbuzi, nikaita ukoo.

Walikuja wote, hata wa Mbinga. Romanus naye nilimwita, nikamkalisha katikati kwenye kigoda. Nikamwambia, Baba mdogo, leo utasema. Akasema, "Mlango nilifunga mimi." Mlango gani? Ulimfungia baba? Akatikisa kichwa kukubali. Kwa nini? Wazee wakambembeleza, vijana wakamtukana, yeye anaangalia vidole vyake vya miguu. Basi nikasimama na bangili ya baba mkononi, nikaapa: Aliyemuua Emiliani hatalala kwenye ardhi ya Emiliani. Leo hana jamaa, na akifa hazikwi kwetu, wala jina lake halisomwi kwenye misa ya marehemu wetu, hata awe nani, hata awe tumbo moja na mimi. Bangili ikazunguka, kila mtu akaishika na kuapa hivyo hivyo. Romanus peke yake ndiye aliyepaza sauti. Alisema, "Beata, usiape hivyo, mwanangu. Toa hayo maneno." Sasa ndio mdomo umefunguka! Ilinipa raha, nakuambia ukweli. Nilijua limempata.

Kuanzia siku ile ametengwa. Yule binti aliyekuwa akimpikia nimemrudisha kwao. Hakuna mtu wa ukoo kumpa chumvi, maji wala kaa la moto, na majirani nimewaomba wasiingilie. Unajua Matogoro mwezi wa sita, ukungu unashuka milimani unakaa mlangoni mpaka saa nne. Ajikaze. Baba alikaa kwenye ubaridi muda mrefu kuliko huo.

Muhsini peke yake ndiye aliyenifuata dukani. "Mama, huyu ni mzee wa watu. Mcheni Mwenyezi Mungu." Nikamwambia, Mwenyekiti, wewe uliapa? Hukuapa. Basi kampe wewe. Naona anampelekea uji. Siwezi kumzuia, ila natamani.

Njoo ukitaka. Lakini ukija na zile hotuba zenu za sabini mara saba, zipeleke moja kwa moja kwake, mimi sina pa kuziweka.

Dada yako,
Beata


Hanga
30 Juni 2024

Dada Beata,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nimekwenda Matogoro Jumatano na kurudi Alhamisi, na sikupita Majengo. Nisamehe kwa hilo. Nilifika hadi kona ya duka lako, nikakuona unapima nondo na kumfokea kijana, nikageuza.

Nilimkuta Baba mdogo amejifunga mablanketi mawili, meko ni majivu ya siku nyingi. Alikuwa anatafuna mahindi aliyoyaloweka kwenye maji. Nilimwashia moto. Nisingeweza kula kiapo chenu hata ningekuwepo. Usiku ule alinieleza mambo, kwa sharti kwamba mengine yasitoke kinywani mwangu, na mimi nimempa neno langu. Nakuandikia yale aliyoyaruhusu.

Baba hakufa Masaka. Alijeruhiwa, akalazwa mbali, akapona nusu, akaachiwa aende nyumbani. Alifika Mei, mchana, akitetemeka kwa homa, amepitia njia ya msituni kwa sababu hakutaka kutisha watu. Bibi alianguka chini alipomwona. Unajua imani yake: mtu aliyeliwa matanga na mgomba wake ukazikwa haingii nyumbani hivi hivi. Lazima mzee wa ukoo aje, mgomba ufukuliwe, yeye aoshwe ndipo apite mlangoni. Na watoto wasimwone kabla, watakuwa wameona marehemu. Basi wakamnywesha dawa, wakamlaza kwenye banda apumzike, na Baba mdogo akakomea mlango kwa nje ili sisi tusije tukaingia tukicheza. Bibi akaenda kutafuta kuku na unga wa tambiko. Baba mdogo akadandia lori la Namtumbo kumleta mzee Baltazar. Aliporudi alimkuta kaka yake amekufa.

Kaburi lilikuwa tayari limechimbwa, na mgomba ndani yake. Walimzika humo. Bibi alisema matanga yalishaliwa.

Haikuwa kuua, Dada. Lilikuwa balaa. Nakuomba kwa magoti, toa kile kiapo. Yeye ananiomba nikuombe hilo tu. Hakuomba chakula wala moto, alirudia kiapo. Itisha ukoo tena, sema ulikasirika, kitoe.

Mdogo wako,
Tadei


Majengo
14 Julai 2024

Tadei,

Salamu. Mimi mzima, tena leo mzima kuliko jana.

Kwa hiyo alimfungia. Umeniandikia mwenyewe kwa mwandiko wako mzuri wa kimonaki. Mtu ametoka vitani na risasi mwilini, amepita nchi nzima kuja kuona wanawe, anafika, ndugu yake anamfungia bandani kama mbuzi mwenye upele na kuondoka zake. Na wewe unaniambia balaa! Kama ni homa tu, mbona walificha? Mbona hakutuita tukamwona hata akiwa amekufa? Nilikuwa na miaka tisa, ningemshika baba yangu mkono. Wewe umeingizwa mjini, Bruda. Mzee amekulilia, umelowa.

Nilisoma barua yako mara mbili. Neno lililonikaa ni hilo moja, akakomea mlango kwa nje. Nikawa nalisikia hata nikihesabu mabati. Basi leo baada ya misa ya kwanza nimepanda Matogoro na kufuli jipya la dukani kwangu. Alikuwa amekaa kitandani. Sikumsalimia. Nimefunga mlango kwa nje, nikakaa kwenye jiwe pale uani, nikamwambia kupitia mbao: "Haya, Baba mdogo. Uonje."

Nilitaka apige kelele. Sikufichi, nilitaka alie na kugonga mlango ili nijue baba alivyogonga. Hakugonga. Jua limetoka, limezunguka nyumba, watu wanapita wakienda kanisani na kurudi, wananiona nimekaa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Nilikuwa na njaa mpaka kichwa kinauma lakini sikuondoka. Alasiri nilifungua. Alikuwa amekaa palepale, mikono magotini. Akaniuliza, "Umekula, mwanangu?"

Ningempiga, Tadei. Nilinyanyua hata mkono. Nimeshindwa kwa sababu ni mwepesi siku hizi, ningemvunja. Nimeondoka na kufuli langu.

Kiapo sikitoi. Anakiogopa, sasa najua ndipo panapouma. Atakufa akijua analazwa na manispaa pembezoni huko na watu wasio na majina. Kaburi jipya la baba nimeshalijengea, vigae vyeupe, na nimeacha nafasi miguuni pake. Ni yangu mimi. Nilimkosa akiwa hai, nitalala naye.

Dada yako,
Beata


Hanga
19 Julai 2024

Beata,

Umekwenda ukamfungia mlango. Mungu akusamehe, maana mimi leo nimejaribu tangu asubuhi nimeshindwa. Sitaandika zaidi.

Tadei


Majengo
4 Agosti 2024

Tadei,

Umenuna wiki mbili, haya. Nikusalimu nisikusalimu, hujibu. Utajibu hii.

Jana Muhsini amekuja dukani na kitu amekifunga kwenye gazeti. Vijana wa barabara wamefika pale lilipokuwa bani letu, wamechimba mtaro, wamekuta sakafu ya zamani na kwenye kona chupa ya maji ya chuma, ya jeshi, imebonyea. Ina herufi zimekwanguliwa kwa msumari: EMILIANI. Ameniletea kwa sababu anajua mimi ndiye mtoto wake. Nimeishika nikalia mbele ya wateja, kitu ambacho hakijawahi kutokea Majengo.

Kwa hiyo "banda" lako lilikuwa bani. Kwa nini hukuandika bani? Mtoto wa mkulima wa tumbaku haliiti bani banda, hata awe mmonaki. Ulilificha neno, Bruda, na sasa najua kwa nini.

Nimepanda mwenyewe kuangalia. Wamelikata tundu la kuwashia katikati, linaonekana kwenye ukuta wa mtaro kama lilivyokuwa. Limejaa makaa na magogo yaliyoungua nusu. Bani lilibomolewa moto ukiwa haujamaliza kazi. Baba hakufa kwa homa! Alilala mle, mlango umefungwa, ukuta umesiribwa usitoe hata uzi wa moshi, na mtu akawasha. Wewe na mimi tunajua moshi wa bani. Panya hawatoki. Tulikuwa tunawakuta wamekauka kwenye fito.

Romanus alimkausha ndugu yake kama jani la tumbaku. Kwanza akamfungia, halafu akawasha, kisha akaenda Namtumbo kujitengenezea shahidi. Kesho naita ukoo tena. Nitawaambia kiapo kile ni kidogo, tukiongeze: si aliyefunga mlango tu, ni mkono uliowasha. Bani haliwaki lenyewe. Mtu aliinama kwenye lile tundu, akapanga magogo, akawasha kiberiti, akapuliza mpaka moshi ukashika. Alijua anachofanya, kwa sababu moto ule una ujuzi wake, ukiwaka ndimi tumbaku inaungua, unatakiwa ufuke tu, na Bibi alikuwa mkali, hakumwachia mtu yeyote kugusa kiberiti msimu ule ila

Umesema alifika mchana. Moto wa bani ulikuwa wa alasiri.

Umesema Baba mdogo alikwenda Namtumbo kumchukua mzee Baltazar. Nimewaona wakirudi. Walikuwa wanakuja kwa haraka wakicheka, Baba mdogo amembebea mzee mfuko. Kisha akaangalia juu ya paa la bani. Nilidhani anaangalia moshi wangu ulivyo mzuri.

Tadei, nani aliwasha?


Hanga
6 Agosti 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, Dada. Shikamoo tena.

Leo alfajiri nilikwenda Matogoro na gari la dereva Leo, nikiwa na barua yako mfukoni. Nilimsomea Baba mdogo yote. Nikamwambia, nimekupa neno langu, sasa niambie nimjibu nini. Akasema, "Mwandikie mlango nilifunga mimi. Mlango ungekuwa wazi, kaka angetoka. Hakuna jibu lingine." Hilo ndilo jibu lake, na nimeliandika kama alivyolisema.

Haya yafuatayo ni yangu, naye hakunizuia.

Nilimuuliza kwa nini alikupokonya kiberiti. Akasema hakutaka kiwe mkononi mwako mzee Baltazar akifungua ule mlango. Nikamuuliza kwa nini alikusukuma. Akasema ulikuwa unamfuata nyuma, na hakuwa na muda wa kukubembeleza urudi. Alibomoa bani ili usiende tena pale ukainama kwenye tundu ukaanza kufikiri. Alikupeleka kwa masista kwa sababu Bibi alikuwa akikuangalia na kulia, na wewe ulianza kuuliza Bibi ana nini. Na kuhusu macho, alisema, "Huyu mtoto tangu mdogo anasoma nyuso. Ningemwangalia angejua."

Jambo hili Bibi na mzee Baltazar walikufa nalo. Alibaki yeye peke yake, na alitaka kufa nalo. Ndiyo maana kiapo kilimtoa jasho. Hakuwa anaogopa pa kuzikwa yeye.

Ulikuwa na miaka tisa, Beata. Bibi alikupa kazi, na siku ile kwa kuchanganyikiwa akasahau kukuzuia. Ulifanya kazi uliyopewa, ukaifanya vizuri. Nakuja Jumamosi. Usikae peke yako. Mwite yule msichana wa jirani alale kwako, na usiende kwenye ule mtaro.

Mdogo wako anayekupenda,
Tadei


Matogoro
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Tadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Ulikuja jana Majengo ukakuta duka limefungwa, nimeambiwa. Niko huku tangu Alhamisi. Leo unarudi Hanga, nakuandikia hii ili dereva Leo akupe kabla hamjaondoka. Usipande. Sitaki kuangaliwa bado, hata na wewe.

Jumatano sikuamka. Niliendelea kumtafuta wa kumlipa, nakuambia ukweli wangu. Nilimtafuta Bibi, amekufa. Nikamtafuta yule mwenzake baba aliyeleta habari za uongo, amekufa. Nikautafuta hata mgomba wenyewe. Hasira yangu ilizunguka nyumba nzima kama mbwa aliyepoteza harufu, ikarudi kulala kitandani kwangu.

Alhamisi niliita ukoo hapa hapa uani. Nilimkalisha Baba mdogo kwenye kiti chenye mgongo, mimi nikakaa kwenye kile kigoda. Nikawaambia kila kitu, mpaka nilivyoringa na majivu usoni. Wanawake walilia, wazee wakasema kiapo kifutwe, mtoto hahesabiwi. Nikakataa. Niliapa hata awe nani, hata awe tumbo moja na mimi, na bangili nilishika mimi wa kwanza. Ningekuwa nimemla Baba mdogo mifupa kwa kiapo kile kile, na nisingetaka mtu akifute. Kwa hiyo kinabaki. Ile nafasi miguuni pa baba, yenye vigae vyeupe, ni ya Baba mdogo Romanus. Mimi mkiniona nimekufa mnitafutie pengine, na jina langu msilisome. Wewe ni mmonaki, utajua kunyamaza misani. Usije ukanihubiria juu ya hili.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Akasema tu watu wameshinda na njaa, nani anapika.

Nimekaa naye tangu siku hiyo. Nimefagia, nimefua yale mablanketi, nimeleta kuni mzigo mzima kutoka mjini. Nimepanga vizuri mekoni, magogo makubwa chini, vijiti juu, kama nilivyofundishwa. Kiberiti nimekishika. Tadei, mkono wangu umekataa. Jioni ya kwanza nilichuchumaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, njiti hata moja sikuiwasha, na ubaridi unaingia chini ya mlango, na mzee mwenyewe ananitazama kutoka kitandani. Ananitazama usoni siku hizi.

Akashuka taratibu na fimbo yake. Akanichukulia kiberiti mkononi, hakunipokonya, alinifungua kidole kimoja kimoja. Akawasha yeye, akainama akapuliza. Halafu akanivuta kwa kiwiko.

"Sogea huku, mwanangu," akasema. "Moshi utakuingia."

Dada yako,
Beata